Mgonjwa Mahututi Yuko Wodini: Namna ya Kumwangalia Saa kwa Saa

Kitanda namba saba, karibu na dirisha. Kijana ameletwa saa kumi jioni, amelazwa kwa homa ya mapafu, dripu inatiririka, faili limefungwa. Fomu ya uangalizi inasema anapumua mara 20 kwa dakika. Wa kitanda cha sita naye 20. Wa tano 20. Ukifunua kurasa za jana unakuta 20, 20, 20, kana kwamba wodi nzima inavuta pumzi kwa amri moja. Saa nane usiku mama yake anasogea mezani: "Sista, samahani. Mwanangu anapumua kama mtu aliyetoka mbio." Unakwenda na saa mkononi, unahesabu: 44.

Aliyeandika ile 20 ya jioni ni mimi. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, zamu ya wagonjwa zaidi ya arobaini na wauguzi wawili. Kijana alipona, namshukuru Mungu, lakini kwa muda wa saa kumi alikaa akihangaika na hewa wakati mtungi wa oksijeni ulikuwa umesimama hatua nane kutoka kitandani kwake. Nimehesabu hizo hatua mara nyingi tangu siku ile. Mwongozo huu ni kwa ajili ya muuguzi na tabibu wa wodi ya kawaida, hasa anayeshika zamu ya usiku. Ndugu anayemuuguza mtu wake naye atapata pa kushika.

Nimesema wodi ya kawaida kwa sababu ndiko walipo. Tukisikia "mahututi" tunawaza chumba chenye mashine zinazolia. Mwaka 2025 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uitwao ACIOS, uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 barani Afrika. Kila hospitali ilichagua siku moja ikawapima wagonjwa wazima waliolazwa. Jumla walikuwa 19,872. Mmoja katika kila wanane alikuwa mahututi. Kati ya hao mahututi, karibu saba katika kila kumi walikuwa kwenye wodi za kawaida. Siku saba baadaye, mmoja katika kila watano wa hao mahututi wote alikuwa amefariki. Kwa wagonjwa wasio mahututi, waliofariki hawakufika watatu katika kila 100. Na katika wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa hewa, waliokutwa wakipewa oksijeni hawakufika nusu.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho. Haizungumzii mashine ya kupumulia, inazungumzia oksijeni.

Hata chumba cha wagonjwa mahututi chenyewe kilianza na mikono ya watu. Mwaka 1952 polio ilipoivamia Copenhagen, daktari Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa waliopooza misuli ya kupumulia watobolewe koo na kupuliziwa hewa kwa mfuko wa kukamua. Mashine hazikutosha, kwa hiyo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kukaa vitandani wakikamua mfuko kwa mkono, usiku na mchana, kwa miezi. Vifo vilishuka sana. Kilichookoa watu wale kilikuwa mtu aliyekaa karibu na mgonjwa asiondoke.

Kabla zamu haijaanza

Kusanya vitu vyako: saa yenye mshale wa sekunde, mashine ya presha yenye mikanda ya zaidi ya saizi moja, oksimita (ile klipu ya kidoleni inayopima asilimia ya oksijeni kwenye damu), kipimajoto, glukomita (ya kupima sukari) na vijiti vyake, tochi, kalamu mbili. Oksimita ijaribu kidoleni mwako kwanza. Ikikusomea 82 nawe mzima unasimama, betri imechoka au kioo kina uchafu. Kisha nenda kwenye mtungi wa oksijeni usome mita. Usiulize aliyetoka zamu kama oksijeni ipo, isome mwenyewe.

Hatua ya 1: Tembea wodi nzima ukitazama tu

Dakika tano, bila kifaa. Unamtafuta anayekaa wima kwa sababu akilala anakosa hewa, anayeongea maneno mawili akapumzika, mtoto ambaye pua zinatanuka, mtu mzima aliyekuwa anagomba jana na leo amenyamaza. Waulize wanaouguza: "Leo yukoje kuliko jana?" Mama anayelala chini ya kitanda cha mwanawe anamjua kuliko faili. Akikuambia "amebadilika", mpime huyo kwanza, hata kama hakuwa kwenye orodha yako.

Hatua ya 2: Hesabu pumzi, dakika nzima

Hiki ndicho kipimo tunachokiibia zaidi, na ndicho ambacho mara nyingi hubadilika mapema kuliko presha. Maambukizi yakisambaa, damu ikipungua, asidi ikipanda mwilini, mapafu hujaribu kulipa deni kabla moyo haujashindwa. Kwa hiyo ile 20 ya kubuni hufuta onyo la kwanza kabisa.

Shika kifundo cha mkono wa mgonjwa kana kwamba unahesabu mapigo, maana mtu akijua unahesabu pumzi zake hubadilisha namna anavyopumua. Uweke mkono wake juu ya kifua chake ili uone unavyopanda na kushuka. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 60 kamili. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kosa la pumzi moja linageuka kosa la nne, na mgonjwa mahututi mara nyingi hapumui kwa mpangilio: anavuta haraka, anasita, anavuta tena. Umeme umekatika? Tochi ya simu iangaze kifua kwa pembeni, utaona kivuli kikicheza.

Mtoto mhesabu akiwa ametulia, si akilia. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua haraka akifika 60 kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, na wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40. Tazama pia mbavu: zikizama ndani kila anapovuta hewa, hali ni nzito hata namba ikionekana ya wastani. Na mtoto aliyekuwa anapumua 70 akashuka ghafla hadi 25 huku amelegea hajapata nafuu. Amechoka. Ita msaada hapo hapo.

Hatua ya 3: Oksimita, na mahali inapodanganya

Kifaa hiki kilianzia kwa mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Kinapitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwa jicho katikati ya kidole, kisha kinakisia kwa rangi ya damu ni kiasi gani cha oksijeni kimebebwa. Neno ni kukisia. Kikikosa mwanga mzuri au damu inayodunda, kitakupa namba hata hivyo, nayo itakuwa ya uongo.

Kwa hiyo kabla ya kuamini namba, angalia mambo haya. Vidole vikiwa baridi, visugue au hamia sikioni. Rangi ya kucha iondoe. Na kwa wagonjwa wetu wa pwani waliotoka harusini na piko nyeusi kwenye kucha, geuza klipu ikae ubavuni mwa kidole au tumia kidole kingine. Usiweke klipu kwenye mkono uliofungwa mkanda wa presha, maana mkanda ukijaa namba inaanguka. Linganisha mapigo yanayoonyeshwa na mapigo unayoyahisi kwa vidole vyako. Yakitofautiana sana, namba ya oksijeni iache. Subiri itulie, nusu dakika hivi, ndipo uandike.

Kuna jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Mwaka 2020, Michael Sjoding na wenzake wa Michigan, Marekani, walilinganisha oksimita na kipimo halisi cha damu ya ateri. Kwa wagonjwa ambao oksimita ilisema wako vizuri, kati ya 92 na 96, waligundua kwamba Weusi walikuwa na upungufu wa oksijeni uliofichika karibu mara tatu kuliko Wazungu. Ngozi yenye weusi hufanya kifaa kisome juu kuliko ukweli. Jarida la kitabibu la Marekani, NEJM, lilichapisha matokeo hayo, na mimi tangu nisome nimebadili mazoea: 92 ya mgonjwa anayehangaika kupumua siiiti nzuri. Namtazama mgonjwa, nahesabu pumzi, na nikiwa na shaka nampa oksijeni huku namwita daktari.

Na jiko la mkaa. Mtu aliyelala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa, akaletwa amelegea na kichwa kinamuuma, oksimita itamsomea 98 au 99. Kifaa cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba hewa ya sumu ya mkaa. Huyo apewe oksijeni nyingi kwa barakoa yenye mfuko bila kujali namba.

Hatua ya 4: Mapigo, presha, na kidole kimoja

Mapigo yahesabu kwa mkono. Presha ipime kwa mkanda unaolingana na mkono wa mtu: mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu na kukuficha presha iliyoshuka. Na kwa vijana, wajawazito na watoto, presha hushikilia kwa muda mrefu halafu huporomoka ghafla, kwa hiyo presha nzuri peke yake isikulaze usingizi.

Ndiyo maana nakipenda kipimo cha kidole. Bonyeza ncha ya kidole cha shahada cha mgonjwa, upande wa ndani, mpaka kipauke. Shikilia sekunde kumi. Achia, na uhesabu: rangi irudi ndani ya sekunde tatu. Ikichelewa, damu haifiki pembeni ya mwili. Kwa mwenye ngozi nyeusi sana, kitanda cha kucha au kiganja huonyesha vizuri zaidi, na uwepo mwanga wa kutosha.

Usikidharau kwa kuwa hakina waya. Mwaka 2019 utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK, uliofanyika katika hospitali 28 za nchi tano za Amerika ya Kusini, uliwagawa wagonjwa 424 wenye shoku ya maambukizi (damu kutofika vizuri mwilini kwa sababu ya maambukizi) katika makundi mawili. Kundi moja liliongozwa na kipimo cha maabara cha lakteti (asidi inayopanda damu isipofika vizuri), jingine liliongozwa na kidole, kilichobonyezwa kwa kipande cha kioo kila nusu saa. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 43.4 upande wa lakteti na asilimia 34.9 upande wa kidole. Kwa hesabu za kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kusema kidole kimeshinda. Mimi linanitosha hili: hata penye maabara, hakikushindwa.

Hatua ya 5: Fahamu, sukari, joto

Fahamu ipime kwa ngazi nne. Yuko macho na anaongea sawasawa, anaitika akiitwa, anaitika akifinywa tu, haitiki kabisa. Andika ngazi aliyopo, usiandike "ana usingizi". Mgonjwa anayehitaji kufinywa ndipo aitike hawezi kulinda njia yake ya hewa.

Kila aliyepungukiwa fahamu, au aliyepata degedege, apimwe sukari papo hapo, iwe ana malaria, ana kisukari au hajulikani ana nini. Joto pima na uandike, lakini kumbuka kwamba mwili baridi kwa mtu mwenye maambukizi, hasa mtoto mchanga na mzee, ni ishara mbaya kama homa kali.

Hatua ya 6: Jua mpaka uko wapi

Kwa mtu mzima, mipaka inayotumika katika tafiti nyingi za kwetu ni hii: pumzi chini ya 8 au zaidi ya 30 kwa dakika, oksijeni chini ya 90, mapigo chini ya 40 au zaidi ya 130, namba ya juu ya presha chini ya 90, fahamu iliyoshuka hadi kuitika maumivu tu au kutoitika. Moja tu ikivuka, mgonjwa huyo ni mahututi. Huhitaji kujumlisha alama. Najua kuna mifumo ya kujumlisha, kama ule wa Uingereza wa NEWS2, nayo ni mizuri penye wauguzi wa kutosha. Kwa wodi ya watu arobaini usiku, mpaka mmoja unaoeleweka na kila mtu unafanya kazi vizuri zaidi. Ubandike ukutani kwa maandishi makubwa.

Mpaka peke yake hautoshi. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, Tim Baker na wenzake walijaribu jambo rahisi ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kila kipimo kilichovuka mpaka kiliunganishwa na kitendo ambacho muuguzi anakifanya mara moja, huku daktari akiarifiwa. Kabla ya hapo vipimo viliandikwa, lakini mara nyingi hakuna kilichofuata. Baada ya hapo dalili za hatari zilizotibiwa papo hapo ziliongezeka mara mbili hadi mara tatu. Vifo vya wagonjwa wote kwa jumla havikupungua kwa namna ya kuthibitika, na waandishi walisema hivyo wazi. Lakini kwa waliofika na presha iliyoshuka, vifo vilitoka asilimia 92 hadi 69. Bado ni vingi mno. Hata hivyo mtu mmoja katika kila wanne au watano wa kundi hilo ni mtu aliyerudi nyumbani kwake.

Hatua ya 7: Tenda

Anza na njia ya hewa. Asiye na fahamu mlaze ubavu, kichwa kimerudishwa nyuma kidogo na mdomo ukielekea chini ili mate na matapishi yatoke, mdomo usafishwe. Hakuna kinachonunuliwa hapa, na bado katika ACIOS wengi waliohitaji kulazwa hivyo walikutwa hawajalazwa hivyo. Mjamzito mlaze ubavu wa kushoto. Mwenye shida ya kupumua aliye macho mwinue kichwa na mgongo.

Oksijeni: mirija ya puani kwa lita 1 hadi 5 kwa dakika, barakoa ya kawaida kwa lita 6 hadi 10, na isishuke chini ya 5 maana atavuta hewa chafu aliyoitoa, barakoa yenye mfuko kwa lita 10 hadi 15, mfuko ujae kabla hujamvika. Mwenye hali ya dharura lenga 94 kwanza. Akitulia, 90 na kuendelea inatosha. Mwenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu unaomfanya abaki na hewa chafu mwilini, lenga 88 hadi 92. Fanya hesabu ya mtungi mapema. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 uliobaki nusu una lita 3,400. Kwa lita 10 kwa dakika, ni dakika 340, yaani saa tano na dakika arobaini. Ukiufungua saa nne usiku utaisha alfajiri kabla ya saa kumi. Agiza mwingine sasa, si saa tisa.

Kisha dripu, na hapa naomba msomaji atulie.

Kwetu dripu ni ishara ya kutibiwa. Ndugu hawaamini mgonjwa amehudumiwa mpaka waione imening'inia, nasi wenyewe tumefundishwa kwamba shoku hujibiwa kwa maji mengi na ya haraka. Kati ya mwaka 2009 na 2011, Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania walifanya utafiti wa FEAST. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini waligawanywa kwa kura: wengine walipewa maji mengi kwa mkupuo, ya chumvi au ya albumini (protini ya damu), wengine maji ya kawaida ya kuwatunza tu. Watu wengi walitarajia mkupuo uokoe. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 wa albumini, asilimia 10.5 wa chumvi, na asilimia 7.3 wa wale ambao hawakupewa mkupuo. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Kwa kila watoto 100, mkupuo uliondoa maisha ya watoto watatu zaidi.

Waliopinga matokeo hayo wakisema tatizo ni kukosa mashine za kupumulia walisahau kwamba huko kukosa mashine ndiko tunakofanyia kazi. Na uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba wengi wa wale watoto hawakufa kwa kujaa maji mapafuni kama ilivyodhaniwa, walikufa kwa moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Jambo jingine ambalo watu hulipita haraka: vifo kwa jumla vilikuwa vichache kuliko watafiti walivyotarajia, mpaka wakalazimika kuongeza idadi ya watoto waliohitajika. Naamini sababu kubwa ni kwamba watoto hao walipokelewa haraka na kuangaliwa kwa karibu.

Soma pia nani hakuhusishwa. Watoto wenye kuhara na kupoteza maji, na wenye utapiamlo mkali, hawakuwemo. Mtoto aliyekaukiwa kwa kipindupindu anahitaji maji, tena haraka. Ukimnyima kwa sababu ulisikia "FEAST ilikataza dripu", utamuua kwa kusoma nusu.

Kwa watu wazima jibu lilikuja kutoka Lusaka mwaka 2017. Ben Andrews na wenzake, katika hospitali ya chuo kikuu ya jiji hilo, waliwafuatilia wagonjwa 212 wenye sepsisi (maambukizi yanayoanza kuharibu viungo vya mwili) na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na VVU. Waliopata maji mengi mapema pamoja na dawa za kupandisha presha na damu walifariki asilimia 48.1, waliopata huduma ya kawaida, asilimia 33.0. Kwa hiyo mtu mzima mwenye maambukizi na presha ya chini mpe kidogo kidogo, mililita 250 hadi 500, kisha funga, rudia pumzi, oksijeni, kidole, sikiliza mapafu. Kidole kikirudi haraka na pumzi hazijaongezeka, umefanikiwa. Pumzi zikipanda au mapafu yakianza kukoroma kama maji, acha, na mwite daktari. Dawa ya kuua vijidudu isisubiri.

Anayevuja damu ni habari nyingine: anahitaji damu, na anahitaji kinachovuja kifungwe. Dawa ya traneksamiki asidi, inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke, gramu 1 polepole kwa mshipa, itolewe ndani ya saa tatu tangu damu ianze kutoka. Kwa mama aliyejifungua, utafiti wa E-MOTIVE wa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulitumia shuka la plastiki lenye mistari ya mililita linalokinga damu chini ya mama. Damu ilipofika mstari, mkunga alifanya matibabu yote kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, oksitosini (dawa ya kuukaza), traneksamiki, maji ya mshipa, na kutafuta chanzo. Kutokwa damu kulikogunduliwa kulipanda kutoka asilimia 51 hadi 93, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60. Kabla ya shuka lile, damu ilikuwa inakisiwa kwa macho, kama nilivyokisia mimi pumzi za yule kijana.

Hatua ya 8: Rudi

Baada ya kitendo chochote, rudi ndani ya dakika 15 hadi 30 upime tena, kwa sababu bila hivyo hujui kama ulichofanya kimesaidia. Akitulia, kila saa. Akikaa vizuri saa kadhaa, kila saa nne. Weka kengele kwenye simu. Kichwa cha saa tisa usiku hakiaminiki. Anayeuguza mfundishe mambo matatu ya kukuitia: akipumua haraka kuliko sasa, akiacha kuitika, midomo ikibadilika rangi. Mwambie bila kumtisha, na mwambie kwamba akikuita mara kumi hutakasirika. Kisha usikasirike.

Andika saa halisi uliyopima, si saa iliyochapishwa kwenye fomu. Kipimo ulichokosa acha wazi. Nafasi tupu inamwambia anayefuata "hapa hakupimwa", na hiyo ni habari ya kweli ambayo anaweza kuitumia.

Hatua ya 9: Kabidhi zamu kitandani

Mezani hapatoshi. Nendeni wote wawili mpaka kitandani kwa kila mgonjwa mahututi, na maneno yawe mafupi: "Huyu ni wa homa ya mapafu, siku ya pili. Saa sita alikuwa na pumzi 38, oksijeni 86. Nimempa lita 5. Sasa ni 28 na 93. Ninachohofia ni kuchoka. Mtungi una saa nne." Anayepokea ahesabu pumzi hapo hapo, mbele yako. Mwanzoni wenzangu waliona ni kuwapotezea muda wakati gari la wafanyakazi linasubiri. Wiki ya tatu mmoja wao alimkuta mgonjwa wa pumzi 36 aliyekabidhiwa kama 22, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena.

Hatua ya 10: Ipime wodi yako

Huhitaji kuwa profesa. Chagua siku moja, kama walivyofanya ACIOS. Wapime wagonjwa wote kwa saa zilezile, kwa watu wawili wanaohesabu kila mmoja peke yake ili muone kama namba zinafanana. Andika: wangapi wamevuka mpaka, wangapi kati yao walikuwa wanapewa kinachotakiwa, wangapi fomu zao zilikuwa tupu tangu jana. Majina yasiwepo kwenye karatasi, namba za vitanda zibadilishwe. Omba ruhusa ya uongozi wa hospitali kwa maandishi. Ukitaka kuchapisha au kuyatoa nje ya hospitali, pitia kamati ya maadili kwanza. Tanzania, utafiti wa afya unapitia pia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Ukimpima mgonjwa kwa ajili ya utafiti na ukakuta amevuka mpaka, mtibu kwanza, karatasi baadaye. Suala la ridhaa kwa mtu aliye mahututi ni gumu, na FEAST ilitupa mfano: mzazi aliyefika na mtoto anayekata roho alielezwa kwa maneno machache na kuombwa kibali cha mdomo, halafu mtoto alipotulia akaelezwa yote kwa utulivu na kuombwa ridhaa kamili. Mzazi aliyesema hapana, mtoto wake alitibiwa vilevile.

Matokeo yasome kwenye kikao cha asubuhi mbele ya wote, bila kumtaja aliyeacha fomu tupu. Chagua jambo moja tu la kurekebisha mwezi huo. Sisi tulichagua pumzi. Tulinunua saa mbili za ukutani zenye mshale wa sekunde, moja kila upande wa wodi, tukazitundika mahali zinapoonekana na aliyesimama kando ya kitanda chochote. Baada ya mwezi, pima tena siku moja, kwa saa zilezile.